Waliobofya Tangazo la Breki

Breki aliacha kuendesha malori ya masafa marefu kwa sababu ya mgongo. Daktari alimwambia achague, lori au kiuno. Akachagua kiuno. Akakodi kiwanja kilichokuwa gereji nyuma ya kituo cha mafuta, akanunua magari mawili madogo yaliyochoka lakini hayajakata tamaa, akayapaka rangi ya njano na kufungua shule ya udereva. Jina la Breki alipewa na madereva wenzake, maana hakuwa mtu wa kwenda kasi hata akifukuzwa, naye akaona hakuna jina la shule linalolizidi hilo. Mchoraji akaliandika ukutani kwa herufi kubwa, kisha bila kuombwa akaongeza picha ya gari lililoinama upande kama linataka kupinduka. Wiki za mwanzo, wengi waliopita walikuwa wanauliza kama bado ni gereji.

Mdogo wake wa kike alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya matangazo ya mtandaoni. Nyumbani walimwita Takwimu, kwa kuwa tangu utotoni hakukubali neno bila idadi. Ukimwambia watu wamelalamika, atakuuliza wangapi. Kazini hakuwa mchoraji wala mtunzi wa maneno. Kazi yake ilikuwa kupima: nani ameliona tangazo, nani amelipita kama hakuliona, nani amesimama, nani amebofya. Alikuwa hodari, na bosi wake alijua.

"Mdogo wangu," Breki alimwambia siku moja wakila kwa mama yao, "wewe unawatangazia watu magodoro na rangi za nyumba, na huku damu yako imekaa na magari yamelala. Huoni haya?"

"Hujaniomba."

"Ndiyo nakuomba sasa."

Jumamosi iliyofuata Takwimu akaenda uwanjani na simu yake. Akamketisha kaka yake kwenye usukani na kumrekodi akieleza klachi. Breki hakuwa msemaji, ila ukimweka ndani ya gari ulimi unafunguka. "Klachi usiiogope," alisema, "na usiipige teke. Iachie polepole, kama unavyouondoa mkono wako chini ya mtoto aliyesinzia." Takwimu akaikata ikawa video fupi, chini yake akaweka kitufe cha kujiunga, kinachompeleka mtu kwenye ukurasa wenye namba ya simu na ramani ya kufika. Akauelekeza mtambo unaosambaza matangazo uanze na vijana waliomaliza masomo na wanaotafuta kazi. Lakini kwa mazoea ya kazi aliuachia mlango kidogo: ukiona watu wa namna nyingine wanavutiwa, uwafuate hao. Tangazo lilipoanza kuonekana, akalituma pia kwenye kundi la familia, ili ndugu walione.

Haukupita muda mrefu, takwimu zikaanza kupanda. Kwa kawaida watu wengi mno wanaliona tangazo na wachache mno wanalibofya; mtu wa kazi hiyo huridhika na chembe. Tangazo la Breki lilibofywa kuliko tangazo lolote alilowahi kulishika. Takwimu akampigia kaka yake kumpa habari njema.

"Wanabofya, kaka! Wanabofya ajabu!"

"Wanabofya wapi?" Breki aliuliza. "Maana hapa nipo mimi na paka wa kituo cha mafuta."

"Hujapata mwanafunzi hata mmoja?"

"Alikuja kijana akauliza kama tunaziba pancha."

Takwimu akamwambia avumilie, watu hubofya kwanza, huja baadaye. Lakini alikata simu akiwa na shaka.

Ofisini mambo yalikuwa kinyume. Bosi wake, mtu mwema ila mwenye udhaifu wa kupenda mchoro unaopanda, alipita nyuma ya kiti chake, akauona mstari wa Breki kwenye kioo cha kompyuta, akasimama.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kaka yangu. Shule ya udereva."

"Shule ya udereva imefanya hivi?" Akavuta kiti. "Wiki ijayo anakuja yule mama mwenye kiwanda cha magodoro. Huu mchoro ndio wa kwanza tutakaomwonyesha. Na utauonyesha wewe mwenyewe."

Hiyo ilikuwa bahati aliyoingoja muda mrefu. Mteja mkubwa, na yeye mbele ya meza badala ya pembeni. Akaanza kuandaa maelezo, na katika kuandaa akafanya alichopaswa kufanya mapema: akawagawa waliobofya kwa umri. Alidhani macho yanamdanganya. Vijana walikuwa wachache kama nywele za kipara. Waliobaki, karibu wote, walikuwa wanawake wa umri wa kustaafu.

Wazo lake la kwanza lilikuwa wizi. Kuna watu wanaounda akaunti bandia na kuzifanya zibofye matangazo, na kila mbofyo unalipiwa na mwenye tangazo. Lakini akaunti bandia hazina tabia ya kulala saa za wazee kulala na kuamka saa za wazee kuamka. Hawa walibofya asubuhi, baada ya chai, na tena jioni kabla ya taarifa ya habari. Walikuwa watu kweli.

Jumapili alikwenda kwa mama yake, na jibu likamkuta sebuleni. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, miwani kwenye ncha ya pua, simu ameishika mbali kama kitu cha moto. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa utaratibu, na hata simu aliibonyeza kama anapiga sindano: analenga, anashusha pumzi, anachoma.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Namsaidia kaka yako." Akachoma tena. "Kila nikiliona tangazo lake nalibonyeza. Mtu akikuita barabarani si unaitika?"

Takwimu akaketi taratibu. "Kila ukiliona?"

"Kila nikiliona. Na wenzangu wa mazoezi ya kutembea asubuhi nimewatumia, nao wanabonyeza. Rafiki yangu Mwalimu amewatumia wenzake aliostaafu nao, na wale wa kwaya. Siku hizi hata hatulitafuti, linakuja lenyewe. Nikifungua simu, huyo hapo mwanangu na klachi yake." Akacheka kwa fahari. "Mtandao umemjua."

Hapo Takwimu akaelewa kila kitu. Mtambo hauna macho. Unamtazama aliyebofya jana, unamtafuta anayefanana naye leo. Mama alibofya kwa upendo, wenzake kwa heshima ya mama, na mtambo ukahitimisha kwamba shule ya udereva ni kitu cha wanawake wastaafu, ukawaacha vijana na kuwafuata akina mama mtaa kwa mtaa.

Alipaswa kulisema taratibu. Hakulisema taratibu.

"Mama, mnamharibia! Kila mkibonyeza, kaka analipa. Ninyi mnabonyeza, yeye analipa, na hakuna anayekuja. Mtambo umeacha vijana wote kwa ajili yenu!"

Mama akavua miwani. Akaiweka juu ya meza, na simu akaiweka kando yake, uso chini.

"Sikujua kwamba analipa," alisema.

"Najua hukujua, lakini..."

"Basi nitawaambia waache."

Alimwandalia binti yake chakula, wakala, wakazungumza habari za bomba lililopasuka mtaani, lakini simu ilibaki mezani uso chini mpaka Takwimu alipoondoka. Njiani alijiona kama mtu aliyemkemea mtoto aliyemletea maua aliyoyang'oa bustanini.

Siku iliyofuata alimweleza bosi wake. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Lakini walibofya au hawakubofya?"

"Walibofya."

"Basi mchoro si wa uongo. Hatutasema ni vijana, wala hatutasema ni mama yako. Tutasema: walibofya."

"Na akiuliza?"

"Hawaulizi," alisema bosi. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa kwa wateja wengi.

Mwenye kiwanda cha magodoro alikuja na mkoba mkubwa na viatu vya kutembelea. Takwimu alisimama mbele ya ukuta mweupe, akauonyesha mstari unaopanda, akaeleza. Yule mama alitikisa kichwa polepole, akiusifu mchoro, kisha akauliza, bila hila yoyote, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Na hao waliobofya, wangapi walikwenda kujifunza gari?"

Bosi akafungua kinywa. Takwimu akawahi.

"Hakuna."

Yule mama akaweka mkoba wake chini.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wengi wao ni marafiki wa mama yangu. Walikuwa wanatuunga mkono."

Mwenye magodoro alicheka, kicheko cha kweli, akasema hata yeye ana dada zake wanaosifia kila godoro na wanalalia ya kampuni nyingine. Lakini kucheka ni kucheka na biashara ni biashara. Siku chache baadaye akapeleka matangazo yake kwingine. Bosi hakupiga kelele. Alimwita Takwimu, akamwambia kwamba mtu anaweza kuwa mkweli bila kuwa na haraka, akamtoa kwa wateja wakubwa na kumpa wadogo: duka la vifaa vya ujenzi, kinyozi, fundi wa friji. Takwimu alirudi kwenye kiti chake na masikio ya moto. Hakujutia jibu lenyewe. Alichojutia ni kulitoa mbele ya mgeni, bosi amekaa pale kama mtu aliyevuliwa kofia. Baadaye alimwomba radhi kwa hilo, naye akaipokea kwa kusema, "Haya, tumeyazika," kwa sauti ya mtu ambaye bado ameshika jembe.

Jambo lililobaki lilikuwa kulifunga tangazo la Breki. Kabla ya kulifunga akatazama upande ambao hakuwa ameutazama, ule unaoonyesha video iliangaliwa kwa muda gani. Mtu anayebofya kwa fadhila hana sababu ya kukaa. Anabonyeza, anakwenda zake, fadhila imeshafika. Hawa hawakuwa hivyo. Akina mama waliitazama video mpaka mwisho, wakairudia. Na wengi walirudi pale pale, Breki anapoinua mguu polepole kutoka kwenye klachi.

Aliutazama ule mstari kwa muda. Kisha akachukua mkoba, akaaga kwamba ana dharura ya nyumbani, akaenda kwa mama yake katikati ya siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama alikuwa akianika nguo. "Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Mama, kwa nini mlikuwa mnaangalia mpaka mwisho?"

"Tumeacha. Nimewaambia wote waache."

"Siulizi hivyo, mama. Kubonyeza nimeelewa. Lakini klachi mmeirudia rudia. Kwa nini?"

Mama akaendelea kubana shuka kwenye kamba. Akaichukua na ncha ya pili, akaibana nayo. Upande wa pili wa ua lilikuwapo gari la marehemu baba yao, limefunikwa turubai tangu walipomzika. Breki alikuwa akija kuliwasha mara moja moja ili lisife, akalifunika tena.

"Nilimwomba baba yenu anifundishe," mama alisema. "Nikiwa na mimba yako. Nilikuwa natoka zamu alfajiri, nasubiri usafiri kwenye baridi. Akaniambia nitafundishwa nikijifungua. Nikajifungua. Akaniambia mtoto akikua. Ukakua." Akacheka kidogo. "Baba yenu hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa gari lake. Sasa nimekaa na gari uani, na kwenda kliniki ya magoti naomba lifti kama mgeni. Yule kwenye simu anaeleza vizuri. Baba yenu hakuwahi kueleza hivyo."

"Kwa nini hukumwambia kaka?"

"Nimwambie nini? Kwamba bibi wa watu anataka kukanyaga klachi? Si atacheka."

"Na wenzako?"

"Waulize wenyewe. Mimi si msemaji wao. Lakini Mwalimu ameshanunua viatu vya chini."

Takwimu akamkumbatia mama yake palepale katikati ya nguo mbichi, akamwomba msamaha kwa yale ya Jumapili. Mama akamwambia asimloweshe, na kwamba ameshasahau. Hakuwa amesahau, ila alikuwa amesamehe.

Breki hakucheka. Alikataa, na kukataa kwake kulikuwa kubaya kuliko kicheko.

"Mama yangu? Barabarani? Mdogo wangu, wewe unaziona barabara kwenye ramani. Mimi nimeziona na damu juu yake."

"Unawafundisha vijana."

"Vijana si mama yangu! Akikosea nitamfokea vipi? Kijana nampigia kelele anasikia. Mama nikimpigia kelele, nani atanizika?"

Wangeweza kubishana mpaka wiki iishe, kama asingetokea Mwalimu. Alikuwa rafiki mkubwa wa mama, alikuwa ameacha kufundisha zamani, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo na yeye aliendelea kustahili. Aliingia uwanjani siku ya pili yake, viatu vipya vya chini miguuni, mkoba kifuani, akasimama mbele ya Breki.

"Wewe ndiye wa kwenye simu."

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Umenieleza klachi mara nyingi, nimeielewa. Sasa nionyeshe iko wapi."

Breki akajaribu. Akasema magari ni ya zamani, usukani mgumu, jua kali. Mwalimu alimsikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani, kisha akafungua mlango wa gari la njano, upande wa dereva, akaketi, akafunga mkanda. "Nakusubiri," alisema. Wakazunguka uwanja. Gari lilizimika mara kadhaa, likaruka kama chura, likamwangusha paka aliyekuwa juu ya pipa. Waliposhuka, Mwalimu alikuwa ametoka jasho na anacheka kama msichana, na Breki alikuwa na sura ya mtu aliyekosea njia na kukuta njia aliyokosea ndiyo ya mkato.

"Anasikiliza," alimwambia Takwimu kwenye simu, kwa mshangao. "Ukimwambia kioo, anatazama kioo. Wale vijana wawili walioingia juzi kwa kuona picha ya ukutani, ukiwaambia kioo wanatazama nywele zao."

Hivyo shule ikapata darasa. Walikuja wa mazoezi ya kutembea, wakaja wa kwaya, wakaja wengine ambao hakuna aliyewajua, waliobofya wakiwa mitaa ya mbali bila kuambiwa na mtu. Hao wasiojulikana ndio Takwimu aliowafurahia zaidi. Huwezi kusema walikuja kwa fadhila. Mmoja alijaribu gari mara moja, akasema hapana, haya si ya kwake, lakini akaendelea kuja kila somo kukaa kwenye benchi na kuwakosoa wenzake. Takwimu akalifungua tangazo upya, safari hii akiwalenga wao waziwazi, akamwomba mama yake aonekane kwenye video. Mama akasema uso wake hauuzwi. Mwalimu akasema wa kwake unauzwa, na kwa bei nzuri.

Kuhusu mama, Breki hakuweza. Alijaribu siku moja, akashika breki ya mkono safari nzima, wakarudi wote wamenuna. Mwishowe akaajiri mwanamke aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa, mtu mtaratibu asiyeshtuka, na yeye ndiye aliyemfundisha mama. Breki alikuwa akisimama ukutani, chini ya ile picha ya gari lililoinama, amejifunga mikono, akikanyaga breki hewani kila mama alipokata kona.

Mtihani wa kwanza mama alishindwa. Alirudi nyuma vizuri, akaegesha vizuri, lakini kwenye kilima gari likamteleza na mkaguzi akafunga karatasi zake. Mwalimu alifaulu siku hiyo hiyo, na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau. Mama hakulia. Alikwenda nyumbani, akalala mchana, kisha akampigia simu yule mwanamke anayemfundisha na kumwambia anataka kilima, kilima peke yake, mpaka kimchoke yeye. Alirudi kwenye mtihani akafaulu. Siku hiyo Breki alinunua soda za wote waliokuwapo uwanjani, pamoja na kijana mmoja aliyekuwa amekuja kuuliza kuhusu pancha.

Takwimu aliendelea na wateja wake wadogo. Aligundua jambo ambalo kwa wakubwa hakuwa na nafasi nalo: kinyozi unaweza kumpigia simu. Mwisho wa wiki, baada ya kusoma mistari yake, alikuwa akiwapigia mmoja mmoja na kuuliza nani alikuja, walisema nini, walitaka nini. Bosi mwanzoni alimwona anapoteza muda. Baadaye akaacha kumwona hivyo, ingawa wateja wakubwa hakumrudishia mwaka ule.

Siku ya kliniki ya magoti, mama alimwambia Takwimu amsindikize. Wakaondoka asubuhi katika gari la marehemu baba, lililovuliwa turubai, mama kwenye usukani, kiti amekivuta mbele hata kifua kinakaribia kuugusa. Alikwenda taratibu, mikono miwili, midomo imebana. Kwenye njia panda yenye mwinuko, karibu na hospitali, gari likazimika. Nyuma yao honi zikaanza, moja, kisha nyingine ndefu. Takwimu akageuka kumtazama mama yake usoni.

"Usinitazame mimi," mama alisema, akizungusha ufunguo. "Tazama kushoto."

Takwimu akatazama kushoto. "Hakuna gari," alisema.

Mama akaachia klachi polepole, na wakapanda.